Barua ya wazi: Nani anamtembelea mtoto baada ya kukabidhiwa kwa mlezi wa kambo?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Na Waheshimiwa Wabunge mnaosimamia masuala ya ustawi wa jamii.

YAH: KUPIMA NA KUBORESHA HUDUMA YA MALEZI YA KAMBO NCHINI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nilikuwa afisa ustawi wa jamii kwa miaka 28, mingi kati ya hiyo nikiwa Kanda ya Ziwa, na tangu nistaafu nimekuwa mlezi wa kambo, yaani mtu aliyekabidhiwa na mamlaka mtoto asiye wake ili amlee, wa mtoto mmoja ambaye sasa yuko darasa la tano. Kwa hiyo nimewahi kuwa yule anayepiga hodi huku faili likiwa kwapani, na sasa mimi ndiye ninayekaa ndani nikiisubiri hodi hiyo. Mwaka uliopita niliisikia mara moja. Aliyekuja alikuwa kijana mwenye adabu na mwenye haraka, ambaye alikunywa maji, akaniuliza kama mtoto hajambo, akaniomba nisaini karatasi yake, kisha akaondoka kabla mtoto mwenyewe hajarudi kutoka shule. Simlaumu, kwa kuwa nami nimewahi kufanya vivyo hivyo, na sababu zilizomfanya aharakishe nazijua vizuri. Ninawaandikia kwa sababu mtoto yule hakuonekana, na karatasi iliyorudi ofisini inasema ametembelewa.

Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, pamoja na kanuni za malezi ya kambo zilizofuata mwaka 2012, zilitupa msingi mzuri. Zanzibar nayo, katika sheria yake ya watoto ya mwaka 2011, iliipa nafasi kafala, njia ya malezi ambayo Waislamu wameifahamu kwa karne nyingi. Sheria hizi zinataka maslahi ya mtoto yatangulie, mlezi achunguzwe kabla ya kupewa mtoto, na mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Juu yake upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, na ambao ibara yake ya 25 inampa kila mtoto aliyewekwa na mamlaka chini ya malezi ya mtu mwingine haki ya kuangaliwa upya mara kwa mara: anatunzwaje, na je, bado anastahili kuwa pale alipo? Siji kwenu kuomba sheria mpya. Naomba ibara hiyo moja itekelezwe kwa namna ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuiona na kuihoji.

Nianze na fomu, kwa sababu mtumishi hufanya kile anachoulizwa. Kwa miaka yote niliyokuwa kazini, taarifa za robo mwaka nilizojaza ziliniuliza ni watoto wangapi wamekabidhiwa kwa walezi, ni familia ngapi za kuaminika, zile za hifadhi ya muda mfupi, zimetambuliwa, ni makao mangapi ya watoto yamekaguliwa. Hizo ni takwimu za lazima, na aliyezibuni hakukosea. Hata hivyo hazikuwahi kuniuliza mtoto niliyemkabidhi mwaka juzi yuko wapi leo, amehama nyumba mara ngapi, anasoma au anachunga mbuzi, anaonana na mdogo wake au amekwisha kumsahau sura. Ningeweza kumaliza mwaka nikiwa na taarifa safi kabisa, huku nikiwa sijui lolote kuhusu nusu ya watoto walioandikwa humo. Na kwa kweli kuna miaka nilimaliza hivyo.

Lipo faili moja ambalo silisahau. Lilikuwa la mtoto wa kiume wa miaka saba, katika halmashauri ambayo sitaitaja, na nililirithi kutoka kwa mwenzangu aliyehamishwa. Ndani yake mlikuwa na taarifa tatu za ufuatiliaji, zenye tarehe tatu tofauti, zilizoandikwa kwa kalamu moja na kwa mwandiko uleule, na zote tatu zilisema: "Mtoto anaendelea vizuri." Gari la idara lilikuwa limechukuliwa kwa kazi nyingine, kwa hiyo mimi mwenyewe nilichelewa miezi saba kabla ya kufika kwenye ile nyumba. Nilikuta nyumba nzuri. Mama mlezi alikuwa mtu mwenye huruma, mtoto alikuwa amenenepa, daftari zake zilikuwa na alama za vema, na laiti ningekunywa chai na kuondoka, hata mimi ningeandika kwamba anaendelea vizuri na nisingekuwa nimesema uongo. Nilipoomba kuona anapolala, niliona chini ya kitanda mfuko wa rambo uliofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na nguo zake zote, zimekunjwa, na sweta la shule likiwa juu. Mama akaniambia kwa masikitiko kwamba alimnunulia kabati dogo, lakini mtoto hutoa nguo asubuhi, akizivua jioni anazirudisha kwenye mfuko na kufunga fundo. Nilipobaki naye peke yangu nje, chini ya mpapai, swali lake la kwanza lilikuwa, "Leo unanichukua?"

Mtoto yule alikuwa ametoka dawati la polisi akapelekwa makao, akatoka makao akapelekwa kwa mlezi wa kuaminika kwa wiki chache, kisha akaletwa pale. Kila safari alifuatwa na mtu mwenye faili, akaambiwa apande gari. Hakuna aliyewahi kukaa naye chini akamweleza kwamba safari hii atakaa, kwamba mama yake mzazi yuko wapi, na kwamba mtu akija na faili haina maana anakuja kumchukua. Ilinichukua saa moja kumweleza mambo hayo, na nilirudi mara tatu ndani ya miezi miwili, kwa bodaboda niliyoilipia mwenyewe, ili aone kwamba ninakuja na kuondoka bila yeye. Mara ya tatu nguo zilikuwa kabatini. Saa moja ya mazungumzo na nauli za bodaboda ndizo zilizokuwa zinakosekana katika huduma ile, na hakuna fomu yoyote ya serikali iliyokuwa na mahali pa kuonyesha kwamba vinakosekana.

Upande wa pili upo, nao ni mbaya zaidi. Nimewahi kumtembelea binti wa miaka 12 mara mbili katika nyumba ambayo kila mara nilikaribishwa sebuleni, nikaletewa soda, kisha binti akaitwa, akasimama mlangoni na kujibu "nzuri" kwa kila nililomuuliza, huku mlezi wake akitusikiliza. Mara ya tatu nilipitia shuleni kwanza. Mwalimu wa darasa alinionyesha daftari lake la hisabati, ambalo tangu muhula uanze lilikuwa na kurasa nne tu zilizoandikwa. Nilipofika nyumbani nilimpa mkono, nao ulikuwa umechanika kwa sabuni ya kufulia kama mkono wa mtu mzima anayefanya kazi ya dobi. Walikuwa wamemchukua awe mfanyakazi wa ndani asiyelipwa, tena kwa baraka ya karatasi zenye mhuri wa ofisi yetu. Ziara mbili za mwanzo, ambazo zilihesabiwa katika taarifa ya mwaka kama ufuatiliaji uliofanyika, hazikumsaidia binti huyu hata kidogo. Labda zilimthibitishia kwamba ofisi na mlezi ni kitu kimoja.

Tofauti kati ya ziara zile mbili na ya tatu haikuwa elimu wala huruma. Mara ya tatu nilimwona mtoto bila mlezi kuwapo, na nilimuuliza mtu mwingine anayemwona kila siku. Uingereza mambo haya mawili hayakuachwa kwenye utashi wa mtumishi: kanuni zao zinamtaka afisa amtembelee mtoto ndani ya wiki moja tangu awekwe kwa mlezi mpya, kisha walau kila baada ya wiki sita katika mwaka wa kwanza, na azungumze naye faraghani. Wana matatizo yao makubwa, yakiwamo watoto kupelekwa mbali na maeneo yao kwa kukosa walezi wa karibu, na sitaki tunakili mfumo wao wa kifedha ambao hatuna. Lakini kumwona mtoto peke yake hakuna gharama ya ziada kwa afisa ambaye tayari amefika mlangoni.

Watu watasema kwamba familia yoyote ni bora kuliko makao, kwa hiyo tusiwe wakali mno kwa walezi. Ni kweli kwamba makao si mahali pa mtoto kukulia, hasa mtoto mchanga. Jijini Bucharest, nchini Romania, mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walianza kuwafuatilia watoto 136 waliokuwa makaoni, ambapo nusu yao waliteuliwa kwa kura kwenda kwa familia za kambo. Miaka ilivyokwenda, waliopata familia waliwazidi wenzao kiakili na kihisia, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa waliotolewa makaoni kabla hawajatimiza miaka miwili hivi. Matokeo haya yananukuliwa sana na wanaotaka makao yafungwe. Wanaoyanukuu husahau mambo mawili yaliyokuwa ndani ya kazi ileile: kwamba familia zile zilikuwa na maafisa waliozitembelea na kuzishauri kwa karibu mno, na kwamba watoto waliobaki na familia ya kwanza waliendelea vizuri kuliko waliohamishwa hamishwa. Tukichukua nusu ya somo hilo tutawatoa watoto makaoni na kuwatawanya majumbani ambako hakuna anayewaona, na makao angalau yana geti, daftari la majina na mkaguzi.

Hapa naomba niseme jambo kuhusu jina lenyewe, ingawa wengine wataliona dogo. Tuliita huduma hii malezi ya kambo, na katika Kiswahili cha mtaani kambo ni mama wa kambo, yule wa kwenye hadithi za watoto anayempa mtoto wa mwenzake makoko ya ugali na kumtuma kisimani usiku. Nimewaona wanawake wazuri wakikataa kujiandikisha kwa sababu hawakutaka kuitwa mama wa kambo na majirani, na nimewaona watoto wakilia waliposikia wanapelekwa kwa mzazi wa kambo. Jina la familia za kuaminika, ambalo tunalitumia kwa hifadhi ya muda mfupi, limepokelewa vizuri zaidi. Rwanda wanawaita walezi wao Malayika Murinzi, yaani malaika mlinzi. Sisemi jina jipya litaponya lolote, ila Kamishna akiitisha maoni kuhusu jina hili, mimi nitachangia.

Tena wengi, hata baadhi ya watendaji, wanaichukulia huduma hii kuwa ukumbi wa kusubiria kuasili, yaani kumfanya mtoto awe wako kabisa kisheria, kwa kuwa mtu anayetaka kuasili huanza kwa kukaa na mtoto chini ya uangalizi kama mlezi wa kambo. Matokeo yake mlango umejaa watu wanaotaka mtoto mchanga, mwenye afya, asiye na ndugu, huku mtoto wa miaka kumi ambaye mama yake yuko gerezani kwa miaka mitatu, na anahitaji mtu wa kumtunza hadi mama atoke, hapati wa kumpokea. Huyo ndiye mtoto ambaye malezi ya kambo yalibuniwa kwa ajili yake. Tukipima huduma hii kwa kuuliza ni wangapi wameasiliwa, tutakuwa tunampongeza afisa kwa kazi nyingine.

Nilianza kazi Kagera, mkoa ambao wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983, na nilipofika miaka ya tisini nilikuta vijiji ambavyo kizazi cha kati kilikuwa kimepungua kabisa, kumebaki bibi na wajukuu. Bibi hao hawakuwahi kupita mahakamani wala kusaini fomu. Ndio mfumo mkubwa wa malezi mbadala tulio nao hadi leo, na hauonekani katika taarifa yoyote ya malezi ya kambo. Kuna kishawishi cha kusema tuwasajili wote na kuwapeleka mbele ya hakimu. Naomba tuiangalie kwanza Afrika Kusini, ambako ndugu waliokuwa wakilea yatima walielekezwa kwenye amri za mahakama za malezi ya kambo ili wapate ruzuku kubwa zaidi. Idadi ya watoto ikapita laki tano, maafisa ustawi wakazidiwa na kazi ya kuandika taarifa za kuongeza muda wa amri, na kufikia mwaka 2011 amri zaidi ya laki moja zilikuwa zimekwisha muda, hadi Mahakama Kuu ikalazimika kuingilia ili ruzuku zisikatike. Baadaye walibadili sheria ili ndugu anayelea yatima apate nyongeza ya ruzuku ya kawaida ya mtoto bila kupitia njia hiyo ndefu. Bibi anayelea wajukuu anahitaji TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, imwone, zahanati imwone na mwenyekiti wa kijiji ajue hodi yake. Muda wa afisa utumike kwa mtoto aliyekabidhiwa kwa mtu ambaye hakuwa ndugu yake, kwa sababu huyo ndiye asiye na shangazi wa kumuulizia.

Nakuja sasa kwenye maombi yangu.

Ombi la kwanza na lililo kubwa kuliko yote ni kwamba Wizara ibadilishe kinachohesabiwa. Mwongozo upo tayari: mwaka 2009 UNICEF pamoja na Better Care Network walitoa kitabu cha viashiria 15 vya kupima hali ya watoto walio katika malezi rasmi, na mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha miongozo ya malezi mbadala, ambayo inauliza maswali mawili kabla ya yote: je, ilikuwa lazima mtoto huyu aondolewe kwao, na je, mahali alipopelekwa panamfaa yeye? Hatuhitaji viashiria vyote 15 mwaka wa kwanza. Nikipewa nafasi ya kuchagua, nitachagua vitano: siku ngapi zimepita tangu mtoto aonekane na kuzungumza na afisa bila mlezi kuwapo, amehamishwa mara ngapi, kama ana ndugu, yuko nao au lini alionana nao mara ya mwisho, mwalimu wake anasema nini, na je, ana mpango wa malezi ulioandikwa, ambao yeye mwenyewe anaweza kuueleza kwa maneno yake. Hicho cha mwisho ndicho kinachonigusa kuliko vingine. Mtoto wa mfuko wa rambo alikuwa na mpango mzuri tu ndani ya faili, umechapwa na kusainiwa, na hakuna aliyemwambia.

Takwimu hizo zitangazwe kila mwaka kwa kila halmashauri, bila jina la mtoto wala la mlezi. Halmashauri za Tanzania Bara ni 184, na ninaamini mkurugenzi akiona halmashauri yake iko ya 170 kwa siku ambazo mtoto hukaa bila kuonekana, atalipata gari alilosema halipo. Najua wapo watakaojaza uongo, kama mwenzangu alivyojaza lile faili. Kwa sababu hiyo anayepima asiwe yule aliyemkabidhi mtoto. Kila mwaka watoto wachache wateuliwe kwa kura katika kila mkoa, na watembelewe na timu ya nje ya halmashauri, ambayo ndani yake awemo walau kijana mmoja aliyekulia katika malezi ya kambo au makaoni. Nimeshuhudia kijana wa namna hiyo akimuuliza mtoto swali moja kuhusu nani hula kwanza nyumbani, akapata jibu ambalo mimi na fomu yangu tusingelipata kwa mwaka mzima. Namwomba pia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ofisi yake hufanya kaguzi za ufanisi, aifikirie huduma hii katika mipango yake.

Ombi la pili linawahusu TAMISEMI. Kata za Tanzania Bara ni karibu 4,000, na kila mtu anajua kwamba hatuna afisa ustawi katika kila kata. Serikali yenyewe imelisema hilo mara nyingi. Ajira zikija tutashukuru. Lakini hata afisa aliyepo hafiki kwa mtoto kwa sababu ufuatiliaji hauna kasma yake, yaani fungu lake lenyewe katika bajeti. Nauli yake imo ndani ya fungu la jumla la idara, na fungu hilo likipungua, kinachokatwa kwanza ni safari ya kwenda kumwona mtoto ambaye hajalalamika. Tengeni kasma ndogo ya ufuatiliaji wa watoto waliokabidhiwa, katika mapato ya ndani ya kila halmashauri, isiyohamishika bila kibali. Kiasi chenyewe, kwa halmashauri nyingi, ni mafuta ya pikipiki.

Na pale ambapo afisa hawezi kufika kila mwezi, yupo mtu wa karibu. Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto, ambazo tulizianzisha chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zinafika hadi kijiji na mtaa. Rwanda, ambako uchunguzi wa mwaka 2012 ulikuta watoto na vijana 3,323 katika makao 33, hawakuwarudisha watoto majumbani kwa kutegemea maafisa peke yao. Waliweka katika kila kijiji watu wawili wa kujitolea, mwanamume na mwanamke, wanaoitwa Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia, karibu 30,000 nchi nzima. Sisi tuna kamati ambazo katika maeneo niliyofanya kazi zilikutana pale palipokuwa na posho ya mfadhili. Mwanakamati mmoja katika kila kijiji chenye mtoto aliyekabidhiwa apewe jina la mtoto huyo, kwa siri, pamoja na namba ya simu ya afisa, na mtoto naye afundishwe namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto. Ila mwanakamati huyo asichukue nafasi ya afisa. Jirani huona mengi na hunyamazia mengi.

Walezi nao wasisahauliwe, na hapa nazungumza kwa niaba yangu pia. Walezi niliowasimamia hawakuwahi kupata posho, na sijawahi kuidai kwa ajili yangu. Ninachokosa ni mtu wa kumuuliza. Mtoto wangu alipofika kwangu alikuwa anaficha chakula, vipande vya chapati ndani ya foronya ya mto, hadi sisimizi wakaja. Mimi nilielewa kwa sababu ya kazi yangu, nikamwekea bakuli la matunda na karanga mezani, na kumwambia kwamba hilo ni lake saa yoyote. Mlezi mwingine, mtu mwema tu, angeona wizi, angechapa, na pengine angemrudisha mtoto ofisini akisema ameshindwa. Semina ya siku mbili kabla ya kukabidhiwa haitoshi. Walezi wa wilaya moja wakutanishwe walau mara nne kwa mwaka, wasikilizane na waulizane, na afisa awepo asikilize. Mtoto apewe cheti cha kuzaliwa mapema, maana nimehangaika na cha huyu wangu kwa mwaka na nusu. Na kwa kuwa Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, naomba iwe wazi ni nani anayemlipia mtoto aliyekabidhiwa, ili mlezi asianze kubishana kwenye dirisha la hospitali akiwa amembeba.

Najua mtapokea barua nyingine nyingi, nyingi kati yake zikihusu barabara na maji. Watoto ninaowasemea hawana ndugu wa kumwandikia mbunge, na wengi wao hawajui kama kuna mbunge. Naomba Kamishna anijibu jambo moja kwa maandishi kabla ya bajeti ijayo kusomwa Dodoma: kati ya watoto waliokabidhiwa kwa walezi wa kambo mwaka jana, ni wangapi walioonana na afisa wakiwa peke yao walau mara moja? Kama takwimu hiyo haipo, naomba niambiwe kwamba haipo, na itaanza kukusanywa lini.

Kijana aliyenitembelea mwaka jana akija tena, mtoto hurudi kutoka shule saa tisa na nusu alasiri. Nimemwambia kwamba yupo mtu atakayekuja kuzungumza naye, na kwamba akija haji kumchukua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Afisa Ustawi wa Jamii mstaafu, na mlezi